Ng'ombe Mmoja, Maneno Mawili

Letisia alikuwa ametimiza miaka kumi na minne akiandika maneno ya watu wengine, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza ya kwake. Steshenari yake ilikuwa hatua chache kutoka stendi ya Nachingwea: kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, na printa moja yenye kikohozi. Watu walikuja na barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao na risala za mahafali. Wao walisema, yeye akaandika. Alikuwa mpole kiasi kwamba wateja walimzoea kama mtu anavyozoea kiti chake cha nyumbani. Hata kucheka alichekea ndani kwa ndani. Ungejua tu kwa kuona mabega yanatikisika.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, wakati ufuta umeshavunwa na watu wana nafasi ya kupumua, mjomba wake Ildefonsi alishuka kwenye bodaboda kutoka Mnero. Kofia ilikuwa imekaa upande, na mkononi alishika redio ndogo ambayo bado ilikuwa inaongea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Zima hiyo mashine yako unisikilize. Hapana, usiizime! Tutaihitaji."

Mzee Ildefonsi alikuwa na miaka sabini na mmoja na alikuwa hajawahi kutembea taratibu. Kwa miaka thelathini alikuwa karani wa masjala katika hospitali ya misheni, na kompyuta ya kwanza ilipoletwa pale, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Mchana aliandika majina ya wagonjwa. Jioni, kazi ikiisha, alibaki akiandika maneno ya Kimwera, moja baada ya jingine, na maana yake kwa Kiswahili: majina ya ndege, ya miti, ya aina za uji, ya namna za kukasirika. Alifikisha maneno elfu moja na mia nne. Akayahifadhi kwenye disketi, baadaye kwenye flashi, akatulia.

Programu aliyoitumia ilikuwa ya kampuni kubwa ya ng'ambo iitwayo Velora, toleo la tatu. Kampuni ikatoa la nne, la tano, mpaka la kumi na moja. Kuanzia la saba, faili za toleo la tatu zikawa zinafunguka kama vijisanduku na alama za kuuliza. Kurasa tisini za alama za kuuliza! Mzee alizipeleka kwa mafundi wa Nachingwea, wa Masasi na wa Mtwara. Kila mmoja alimrudishia flashi yake pamoja na pole.

"Sasa sikia," alisema, akikaa kabla ya kukaribishwa. "Redio imesema hao hao Velora wanataka dunia nzima ikubali kwamba faili zao ndizo kiwango cha kimataifa. Nchi zitapiga kura. Kabla hatujapiga ya kwetu, Kamati ya Taifa ya Viwango vya Nyaraka inakusanya maoni ya wananchi. Mimi ni mwananchi au si mwananchi?"

"Ni mwananchi, mjomba."

"Basi andika!"

Mwalimu Samia, anayefundisha Kiingereza sekondari, alikuwa pale akisubiri mitihani yake itoke kwenye printa. Aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kuonekana hajui, kiwango kwenye faili maana yake nini hasa.

Mzee alifungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa Letisia.

"Chukulia faili ni barua iliyokunjwa," alisema. "Kila programu ina mkunjo wake. Ukiujua mkunjo, utaikunjua barua na kuisoma. Sasa Velora wanataka ofisi zote duniani, za serikali, za shule, za mahakama, zikunje kwa mkunjo wao. Wakiueleza mkunjo wote bila kuficha, hakuna ubaya, kila mtu atatengeneza programu yake ya kuukunjua. Wakificha hata kidogo, tutakuwa tunawapigia hodi wao kila tunapotaka kusoma barua zetu wenyewe."

Samia alimtazama mpaka printa ikamaliza kukohoa.

"Dada Letisia," alisema, "kumbe unaongea?"

Fomu ya maoni ilikuwepo kwenye tovuti ya kamati. Letisia akaipakua. Kompyuta zake zilitumia programu ya bure, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na kwa miaka yote ilikuwa imemtosha. Akabofya. Skrini ikajaa vijisanduku. Akaangalia herufi za mwisho za jina la faili, akazirudia kuziangalia.

"Mjomba," alisema polepole, "fomu ya kupinga faili za Velora ni faili ya Velora."

Mzee Ildefonsi alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maelezo yamo humo, akaivaa tena. "Piga simu," alisema.

Namba ya Dar es Salaam ilikuwa chini ya tovuti. Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Augustino, katibu wa kamati. Sauti yake ilikuwa ya upole na uchovu.

"Maoni yanapokelewa kwa barua pepe, dada, mradi yawe kwenye fomu yetu."

"Fomu haifunguki, kaka."

"Basi hilo nalo ni maoni. Litaje."

"Nilitaje wapi?"

"Kwenye fomu."

Kisha upande wa Dar es Salaam pakasikika mkwaruzo wa kiti, na mtu akianza kucheka kwa kujizuia, kama anayechekea kanisani. "Dada yangu, wewe ni wa kwanza kunipigia," alisema Augustino alipopata pumzi. "Sikuwa nimeliona hilo. Sikiliza, Alhamisi ya wiki ijayo kamati itakuwa Ruangwa, mkutano wa kanda. Pale tutapokea hata karatasi. Ila pingamizi liwe la kitaalamu, litaje na ukurasa wa rasimu ya hicho kiwango. 'Hatutaki' peke yake si pingamizi."

"Rasimu ina kurasa ngapi?"

"Elfu tano mia tisa na kumi na mbili."

Hapo ndipo Letisia alipocheka kwa sauti, mara ya kwanza mbele ya wateja. Kilikuwa kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, na muuza maji aliyekuwa akipita nje alisimama kuangalia ni nani.

"Kurasa elfu sita na siku kumi," alisema Samia. "Haiwezekani."

"Kwa mtu mmoja haiwezekani," alisema Letisia, na akashangaa kusikia kwamba amelisema.

Rasimu yenyewe, kwa bahati, ilikuwa imewekwa tovutini katika mkunjo ambao kila kompyuta huusoma. Waliichapisha siku mbili, mbele na nyuma, rimu sita. Printa ilipata moto, ikapepewa na feni, ikapepewa na kofia ya mzee, na kwenye ukurasa wa elfu nne ikagoma kabisa mpaka Samia alipoisemesha kwa upole kama mtoto mwenye homa. Kisha wakaigawa rasimu. Walifanya mafungu arobaini, kila fungu likapewa mtu anayesoma Kiingereza awasomee wenzake kwa Kiswahili: walimu, wauguzi, bwana shamba mmoja, makarani wastaafu, katekista, na mwalimu wa madrasa aliyewahi kusoma nje. Samia alipakia mafungu kumi na mawili akayapeleka upande wa Ruangwa, kwa ndugu zake wa Likunja na Mbwemkuru.

Nachingwea ikaingiwa na wazimu mtamu. Nani angedhani watu wangeacha habari za mpira wakazungumzia pambizo za kurasa? Pale stendi, madereva wa bodaboda walikalia pikipiki zao wakipokezana karatasi.

"Oya, fungu letu ni la rangi tu," alisema mmoja. "Kuna rangi mia mbili za kupigia mistari, na mwanangu, mia na themanini ni bluu!"

"Afadhali nyie. Sisi tuna kurasa sitini za ukubwa wa bahasha. Kuna bahasha humu inaweza kumbeba mtu."

Sofia wa duka la dawa alikuwa akiwahudumia wateja huku akiwauliza kama wanajua tofauti ya nukta na nukta nzito. Watu walisalimiana kwa namba za kurasa. Letisia alizunguka kutoka kundi hadi kundi na daftari lake, akieleza, akiulizwa, akieleza tena, na jioni alirudi nyumbani sauti imemkauka na moyo unarukaruka kama wa msichana aliyetoka ngomani. Hakujua kama alikuwa anafanya jambo la maana au anacheza. Ilikuwa raha mno, asingeweza kuacha kwa sababu hiyo.

Lakini mpaka Jumamosi, pamoja na vicheko vyote, daftari lilikuwa na malalamiko tu. Pingamizi halikuwemo.

Jumamosi alasiri Samia, aliyekuwa ameshahamia kundi la buchani baada ya kurudi kutoka Ruangwa, alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya bucha la Sadiki. Sadiki alikuwa mtu mnene, mkimya, aliyekuja kwenye kundi kwa sababu tu benchi lilikuwa lake. Alikuwa anafuta kisu. Letisia alikuwa ndiyo kwanza anafika.

"Ukurasa wa elfu mbili mia nne na kumi na saba," alisoma Samia, na sauti ilikuwa imechoka. "Hapa wanaeleza jinsi ya kuhesabu maneno. Kuna hiki kialama kidogo kinachoning'inia juu." Akakichora mavumbini kwa kijiti. "Wanasema popote kitakapotokea, ni mwisho wa neno. Kinachofuata kihesabiwe ni neno jingine. Ukurasa wa elfu mbili mia nne na kumi na nane..."

"Mwalimu, ngoja kwanza," alisema Sadiki. "Hicho kialama si ndicho kile cha ng'ombe?"

Wote waligeuka. Nyuma yake ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa kama milango, paliandikwa NYAMA SAFI YA NG'OMBE, na kialama kikining'inia katikati pale pale, kinene, kimepakwa kwa upendo.

Letisia alilifungua daftari lake.

"Kwa hiyo kwa Velora," alisema Letisia, akilitafuta kila neno, "ng'ombe ni maneno mawili."

"Ng," alisema Samia. "Na ombe."

"Miaka kumi na tisa," alisema Sadiki kwa huzuni ya kweli, "nimekuwa nikiwauzia watu ombe. Ng zake sijui zilikwenda wapi."

Samia alianguka kutoka kwenye benchi. Si kwa mfano. Alianguka, na karatasi zake zikaruka, na wawili waliojaribu kumwinua wakaishiwa nguvu wakakaa naye chini. Mtu akapaza sauti, "Jaribu ng'ang'ania!" Wakahesabu kwa vidole: ng, ang, ania. Matatu! Sofia alitoka mbio kutoka duka la dawa kuuliza nani kafa. Walipomweleza alirudi ndani, akafunga duka, akatoka tena ili acheke vizuri.

Kabla jua halijatua habari ilikuwa imefika stendi, na bodaboda wakawa wanaitana kutoka upande mmoja wa barabara, "Ng!" na wa upande wa pili wakiitikia, "Ombe!" Ilikuwa hivyo wiki nzima.

Letisia alicheka kuliko wote, lakini usiku huo hakuandika pingamizi. Alisubiri, kwani alihisi kuna kitu kikubwa zaidi bado kimelala ndani ya zile kurasa. Jumanne ikapigwa simu kutoka Likunja. Alikuwa Faridi, karani mstaafu, binamu yake Samia, mtu wa kuhesabu mambo mara tatu.

"Dada, sisi hatujapata la kuchekesha," alisema kwa kuomba radhi. "Ila kuna sentensi inajirudia. 'Hapa programu ifanye kama ilivyo desturi ya Velora.' Hawasemi desturi hiyo ni ipi. Nimeikuta kwenye mafungu yetu mara kumi na saba. Nikapiga simu Mbwemkuru, wao wameikuta mara tisa."

Letisia aliketi. Akatuma ujumbe kwa makundi yote. Kufikia Jumatano jioni hesabu ilikuwa imetimia: mara arobaini na tatu. Mahali arobaini na tatu ambapo mkunjo ulikuwa umefichwa.

Alhamisi watu hamsini na sita walipanda malori mawili ya kubebea ufuta wakaelekea Ruangwa, wakikalia magunia matupu, mwendo wa zaidi ya saa moja. Ilikubaliwa Mzee Ildefonsi ndiye atakayesema. Alikuwa na suti, alikuwa na umri, alikuwa na kisa. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa na furaha vilevile. Tangu lori la kwanza linaondoka alisimama mbele akiongoza nyimbo, na kila wimbo ulipoisha alianzisha mwingine kwa sauti ya juu zaidi, na kila walipopita kijiji alihutubia. Waliposhuka Ruangwa alimgeukia Letisia amwambie jambo, na kilichotoka kooni kilikuwa mlio wa pampu ya baiskeli.

Akajaribu tena. Pampu.

Akachukua karatasi zake zote akamwekea Letisia mikononi.

"Hapana," alisema Letisia. "Hapana, mjomba. Nakuomba. Mwalimu yupo."

Mzee alitikisa kichwa. Samia naye, mwenye kuzoea darasa la watoto sabini, akatikisa kichwa. "Wewe ndiye uliyetueleza mkunjo," alisema.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wa Ruangwa upande mmoja na wa Nachingwea upande mwingine. Mezani mbele walikaa wajumbe watano. Mwenyekiti, Mhandisi Prisila, alikuwa mama wa miwani na uso mkavu. Pembeni yake kijana mmoja mwembamba alipowakaribisha watu, Letisia aliitambua sauti: Augustino. Na mwakilishi wa Velora, Maximilian, alikuwa amevaa vizuri, na anaongea vizuri zaidi. Alionyesha picha ukutani. Alisema mkunjo wa Velora uko wazi kabisa, umeelezwa kwa kurasa elfu tano mia tisa na kumi na mbili, ni nani mwingine duniani amewahi kujieleza kwa kirefu namna hiyo? Watu wakapiga makofi ya adabu.

"Maswali na maoni," alisema mwenyekiti. "Nachingwea?"

Letisia alisimama. Kipaza sauti kilipopokea pumzi yake ukumbi mzima ukasikia kama upepo. Alimtazama mjomba. Mjomba alimwonyesha kwa vidole: ng, ombe.

"Naitwa Letisia, nina steshenari Nachingwea," alisema. "Naomba ndugu Maximilian atuandikie neno moja tu, hapo ukutani tulione."

"Kwa furaha. Neno gani?"

"Ng'ombe."

Maximilian aliandika. Likatokea ukutani, kubwa, jeusi.

"Sasa tunaomba programu ituambie hapo pana maneno mangapi."

Alibofya huku anatabasamu. Ukutani pakatokea: *Maneno: 2*.

Watu wa Nachingwea walijua, na walikuwa wameapa kutocheka mapema. Walishikana. Ila watu wa Ruangwa hawakujua, na kicheko chao kilianza nyuma kabisa kwa mama mmoja aliyesema, "Hee! Na maziwa je?" kikaja mbele kama maji yaliyovunja tuta. Letisia akasubiri.

"Jaribu ng'ang'ania," alisema.

*Maneno: 3*.

Mwenyekiti alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta muda mrefu sana, kichwa kimeinama. Augustino alikuwa amejificha nyuma ya faili. Maximilian mwenyewe aliutazama ukuta, akatazama mikono yake, na pembe za mdomo zikaanza kumsaliti.

"Ni hitilafu ndogo," alisema alipoweza. "Itarekebishwa kwenye toleo la kumi na mbili."

"Nakuamini, kaka," alisema Letisia. "Lakini imeandikwa ukurasa wa elfu mbili mia nne na kumi na saba. Kosa la kampuni moja hurekebishwa likaisha. Likishakuwa kiwango cha dunia, yule atakayeandika ng'ombe kwa neno moja ndiye atakayeambiwa amekosea. Programu yangu ya bure, inayohesabu sawasawa, itabidi ifundishwe kukosea."

Alichukua flashi kutoka kwa mjomba wake akaipeleka mezani, akaeleza kwa maneno machache imebeba nini. Maximilian aliichomeka. Vijisanduku na alama za kuuliza vikajaa ukutani, ukurasa baada ya ukurasa, na wazee kadhaa walisogea mbele kana kwamba kwa kukaribia wangeweza kusoma. "Hata sisi hatuna tena cha kuifungulia," alisema Maximilian kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, samahani." Na alisema kwa dhati; hilo Letisia aliliona.

"Ndiyo sababu nauliza la mwisho. Rasimu inasema mara arobaini na tatu kwamba programu ifanye kama ilivyo desturi ya Velora. Kurasa zote tumeziorodhesha hapa. Desturi hiyo ni ipi?"

"Ah, hiyo ni siri ya kampuni," alisema Maximilian, haraka, kama mtu anayejibu swali alilozoea kuulizwa. Kisha akasikia alichosema.

"Aaaaah!" ukumbi ukaitikia, sauti moja, Nachingwea na Ruangwa.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Katibu," alisema, "hilo liandike lilivyo." Augustino alikuwa ameshaandika. Kisha watu wa Nachingwea wakaleta kiroba chenye karatasi za maoni mia tatu na kumi na mbili, zilizoandikwa kwa mkono, kila moja na ukurasa wake, na wajumbe wawili wakasaidiana kukipokea.

Nje, watu walimbeba Letisia. Hakuwahi kubebwa tangu utoto na hakujua mikono iwekwe wapi, akaiweka kichwani kwa Sadiki. Maximilian alikuja kumpa mkono akiwa bado juu. "Dada, bosi wangu atanimeza," alisema, "lakini sijacheka hivi tangu nimeajiriwa." Mwalimu Samia alimwambia asiwe na wasiwasi, Kiswahili kina maneno mengi ya kujitetea, mengine yanahesabika mara mbili.

Mzee Ildefonsi alipata sauti yake baada ya siku nne. Kuanzia hapo akawa anakuja dukani kila Jumanne, wanaandika upya maneno ya Kimwera kutoka kichwani mwake, safari hii kwa mkunjo ambao kila programu inaujua. Walibishana juu ya kila ndege. Wateja waliokuwa wakisubiri kopi waliingilia, wakaongeza maneno ambayo mzee hakuwa nayo, naye akakasirika, akayaandika.

Mwisho wa mwezi wa nane, Jumatano, saa sita mchana, Letisia alikuwa peke yake dukani akipanga kadi za harusi. Simu ikaita.

"Dada Letisia? Augustino hapa. Umekaa?"

"Nimesimama."

"Basi shika kitu. Nchi yetu ilipiga kura ya hapana, na sababu zote tukaziambatisha. Na leo asubuhi matokeo ya dunia yametoka. Velora hawakupita! Wamepungukiwa kura nne. Wameambiwa waende wakaeleze zile sehemu arobaini na tatu, zote, bila siri, ndipo warudi mwakani. Na kuna jingine. Pingamizi la ukurasa wa elfu mbili mia nne na kumi na saba limeungwa mkono na nchi kumi na moja. Kumbe wako wengi wenye kialama hicho katikati ya maneno yao. Walikuwa wanadhani wako peke yao."

Letisia hakukumbuka alivyokata simu. Alikumbuka tu kwamba yuko barabarani, peku, kandambili zimebaki ndani, kadi moja ya harusi mkononi, na anapiga kelele. Alitaka kumwambia mtu, mtu yeyote, sasa hivi. Basi la Masasi lilikuwa ndiyo linashusha abiria, na wa kwanza kukanyaga chini alikuwa mama mmoja mgeni mwenye begi kubwa, macho yakitafuta choo.

"Tumeshinda!" Letisia alimwambia, akimshika mikono yote miwili.

Mgeni alimtazama: mwanamke peku, machozi yanamtoka, anacheka kwa sauti inayomzidi. Hakujua nani kashinda, wala kashinda nini. Lakini furaha aliijua alipoiona. Akatua begi chini.

"Hongereni!" alisema, na akapiga kigelegele kirefu kilichofanya bodaboda wote wa stendi wageuke, wawashe pikipiki zao na kuanza kupiga honi kabla hata hawajauliza kuna nini.